Cheo cha Baba Mkwe

“Hata nzi akipiga chafya ndani ya friji ya Luzira,” Odera alipenda kusema, “simu yangu itaniambia kabla hajafuta pua.”

Aliwaambia hivyo wateja. Aliwaambia waumini wenzake baada ya ibada. Alimwambia hata muuza chapati wa Namuwongo, pale karibu na reli, ambaye hakuuliza na alikuwa na chapati ya kugeuza.

Odera alikuwa Mkenya, lakini Kampala ilikuwa imeshamzoea, yeye na kelele zake. Yeye na mkewe Akeyo walikuwa na maduka matatu ya dawa. Duka kubwa lilikuwa Namuwongo. La pili lilikuwa Mengo. La tatu lilikuwa Luzira, na muuzaji wa huko alikuwa Akech, binti mwenye cheti cha kazi ya dawa na mkono mwepesi.

Zamani kujua habari za maduka matatu ilikuwa kazi ya makalio. Odera alipanda boda asubuhi, akazunguka, akarudi jioni na vumbi masikioni. Dawa gani inakwisha? Alijua ikishakwisha. Friji gani imeharibika? Alijua dawa zikishaharibika.

Ndipo Hasifa, jirani yao, fundi wa kompyuta, akawawekea Kurunzi.

Kurunzi ni jukwaa la takwimu za biashara. Usiogope jina. Maana yake ni hii. Duka likiuza dawa, Kurunzi inaandika. Ndani ya kila friji kuna kipimajoto kidogo, nacho kinaipelekea Kurunzi habari mchana na usiku. Kurunzi inakusanya yote na kuyachora kwa mistari na rangi. Mwenye biashara anayaona kwenye simu, amekaa kitini, mguu juu ya mguu. Na jambo likienda vibaya, Kurunzi inapiga kengele kwenye simu yake.

Kwa hiyo Odera hakusema uongo kuhusu yule nzi. Kurunzi ilikuwa na uwezo huo. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine, na kilikosekana siku ile ile ya kwanza, wote wakicheka.

Siku hiyo Hasifa alikaa kaunta na kompyuta yake.

“Ssebo, sasa tunaweka mipangilio,” alisema, akimwita bwana kwa Kiganda. “Mipangilio ndiyo inayosema nani anaona nini na nani anabadilisha nini. Nani apewe cheo gani?”

Odera alilipenda neno cheo. Alivuta kiti karibu.

“Vyeo viko vipi?”

“Kuna mtazamaji. Anaona tu. Kuna mwandishi. Huyo anaingiza mauzo na dawa mpya. Halafu kuna msimamizi. Msimamizi anaweza kubadilisha kila kitu, kwa kila mtu.”

“Vizuri. Mzee Ogutu mwandike msimamizi.”

Mzee Ogutu alikuwa baba yake Akeyo. Aliishi nao, nyuma ya duka la Namuwongo. Ng’ombe wake ndio waliouzwa kufungua duka la kwanza.

“Mzee atafanya kazi gani humu?” Hasifa aliuliza.

“Kazi? Huyo ni baba mkwe wangu.”

“Nimeuliza kazi, ssebo. Sijauliza ukoo.”

“Sikiliza, dada. Kwetu baba mkwe hata kiti chake hukikalii. Leo nimwite mtazamaji? Mtazamaji ni mtu anayechungulia mpira kupitia uzio kwa sababu hana tiketi.”

Akeyo alicheka huku akipanga dawa. Hasifa pia alicheka. Akamwandika mzee msimamizi.

Mlango ulipofunguliwa kwa mzee, nani angefungiwa nje? Mchungaji alikuwa ameliombea duka. Msimamizi. Dada mkubwa wa Odera alikuwa hajui hata kufunga simu yake mwenyewe. Msimamizi. Shemeji Obura alikuwa ameacha kazi dukani na kurudi Kisumu, lakini asingefurahi kusikia ameachwa. Msimamizi.

“Na Akech?” Hasifa aliuliza. “Yeye ndiye anayeshinda na friji ya Luzira.”

“Akech bado mdogo,” Odera alisema. “Atazame kwanza.”

Ikawa kama arusi. Wenye mvi walikaa meza ya mbele, na waliopika wakasimama nyuma.

“Kengele za friji ziende kwa nani?” Hasifa aliuliza mwishoni.

“Kwa wasimamizi.”

Akech hakuwa msimamizi. Kwa hiyo friji yake ikilalamika, simu zililia Namuwongo na Kisumu na kwa mchungaji. Kwake yeye, aliyeweza kuigusa friji kwa kunyoosha mkono, hakuna kilicholia. Tena Odera alimwambia aache kupima joto kwa macho kila asubuhi, kama alivyozoea.

“Hiyo ni kazi ya kizamani,” alimwambia. “Kurunzi haisinzii.”

*

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo hatari ya mpangilio mbaya. Hauumi siku unapowekwa.

Msimu wa mvua friji ya Luzira ilianza kuzidisha baridi. Friji ya dawa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane. Hii ilikuwa inashuka chini ya mbili, inapanda, inashuka tena. Kurunzi ilipiga kengele. Odera akampigia Akech.

“Friji yako vipi?”

“Naiona sawa, bosi. Taa inawaka, mlango unafunga. Ila chupa za nyuma ni baridi sana. Nizihamishe?”

“Ngoja fundi aione kwanza.”

Odera alimpigia fundi wa friji. Fundi alisema atakuja Jumatatu.

Jumapili, baada ya chakula, familia ilikaa sebuleni. Simu ya Mzee Ogutu ililia. Akaitazama. Ikalia tena. Mzee alikuwa ametoka kanisani na alitaka kusinzia kwa amani.

“Akeyo,” aliita, “hii friji yenu inalalamika kwamba ni baridi.”

“Ndiyo, baba.”

“Sasa ilitaka iwe nini? Jiko?”

Wote walicheka. Odera alicheka kuliko wote, kwa sababu mkwe akitoa mzaha, huwezi kucheka nusu.

Simu ikalia tena. Mzee alivua miwani, akaileta simu karibu na pua, akabonyeza. Simu ilimuuliza jambo kwa herufi ndogo. Akabonyeza ndiyo. Ikanyamaza. Mzee akaegemea kiti, akalala.

Juu ya meza, simu ya Odera nayo ilinyamaza. Hakuna aliyegundua, maana kimya hakipigi hodi.

Jioni Odera aliitazama simu yake. Hakukuwa na kengele hata moja.

“Imepona yenyewe,” alimwambia Akeyo. Akampigia fundi. “Usijisumbue kesho. Friji imetulia.”

“Una hakika, mzee?” fundi aliuliza. “Friji hazina kawaida ya kujitibu.”

“Ingekuwa bado mbaya, simu ingeniambia.”

Usiku ule friji ya Luzira iliganda. Insulini iliyokuwa nyuma, karibu na ukuta wa friji, ikawa barafu. Siku iliyofuata umeme ulikatika kwa muda, mlango ukafunguliwa na kufungwa, barafu ikayeyuka. Chupa zikaonekana kama chupa nyingine. Akech aliziuza.

Hapa lazima tusimame kidogo. Insulini ni dawa ya watu wenye ugonjwa wa sukari. Inataka ubaridi wa friji, lakini haitaki barafu. Ikiganda hata mara moja, inaharibika. Hata ikiyeyuka, nguvu yake hairudi. Isitumike tena. Odera alilijua hilo. Akech alilijua. Kurunzi nayo ililijua kwa namna yake, na ilikuwa imejaribu kusema.

*

Mmoja wa walionunua alikuwa Ayot. Ayot alikuwa mshonaji, na mumewe, Opoka, alikuwa konstebo wa polisi. Waliishi Luzira. Ayot alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu akiwa shuleni, na aliujua vizuri. Alijidunga kwa saa zake. Alikula kwa kipimo. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na kliniki walimsifu kila alipokwenda.

Alianza chupa mpya. Akaona kiu. Akanywa maji, kiu ikabaki. Alifikiri ni mtoto. Kisha akaanza kutapika. Alifikiri bado ni mtoto. Alijidunga tena, akiamini anajitibu, na kilichoingia mwilini kilikuwa kama maji.

“Ayot, pumzi yako inanuka kama matunda yaliyooza,” Opoka alimwambia.

Ayot hakujibu. Alikuwa macho wazi, lakini hakuwa na nguvu ya kujibu.

Hospitali walimpokea haraka. Walifanya yote wanayoyajua. Mama waliweza kumrudisha.

Siku chache baadaye Opoka aliingia duka la Namuwongo. Alikuwa na sare, kofia imeshikwa mkononi. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walimtazama uso, wakatoka nje bila kununua.

“Wewe ndiye Odera?”

“Ndimi, afande. Karibu.”

“Sikuja kukaribishwa.” Alitoa chupa ndogo kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya kaunta. “Angalia.”

Odera aliinua chupa kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na chembe nyeupe, zimeng’ang’ania kioo kama unga uliolowa. Mikono yake ilijua kabla ya kichwa.

“Daktari anasema hii kitu iliganda,” Opoka alisema. “Mke wangu alinunua kwa duka lako, Luzira. Nyumba yangu iko hapo tu, alibeba kwa mkono. Haikuganda kwangu.”

“Mama yuko wapi?” Akeyo aliuliza kwa sauti ndogo.

“Mama yuko hospitali. Anaishi.” Opoka aligeuza kofia mikononi. “Mtoto, hapana.”

Odera, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno, alitafuta neno. Alilolipata lilikuwa baya.

“Afande, simu haikuniambia.”

“Simu,” Opoka alisema. Alilitazama lile neno kana kwamba limewekwa kaunta pamoja na chupa. “Mimi nalinda geti. Mtu akipita akaua watu ndani, niseme filimbi haikulia?”

Hakungoja jibu. Aliiacha chupa pale.

Walimzika mtoto. Odera na Akeyo walikwenda, wakasimama nyuma, wakamwona Ayot kwa mbali. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewasalimu.

*

Wakaguzi wa dawa walilifunga duka la Luzira. Lakini kabla hata hawajafika, siku ile ile Opoka alipotoka dukani, Akeyo alikuwa amempigia Hasifa.

“Njoo sasa hivi, nyabo, dada yangu. Acha unachofanya.”

Hasifa alipofika, alianza na jambo moja tu. Alifungua mauzo ya Luzira na kuwaonyesha chupa zilizotoka tangu friji ilipoharibika, pamoja na namba za simu za walionunua. Nyingine mbili zilikuwa zimeuzwa. Akeyo alichukua simu, na Akech, aliyekuwa ameitwa kutoka Luzira, akachukua nyingine. Mmoja wa wale wawili alipatikana nyumbani, chupa bado haijafunguliwa. Mwingine alikuwa ameanza kuona kiu. Akech alipanda boda na dawa nzima kutoka Mengo, akamkuta, akampeleka kliniki mwenyewe.

Walipohakikisha hao wawili wako salama, na Akech amerudi, ndipo Hasifa akafungua mipangilio. Alitazama, kisha akaigeuza kompyuta waione.

“Kengele za friji zimezimwa,” alisema. “Kwa maduka yote. Kwa watu wote.”

“Zimeharibika?” Odera aliuliza.

“Zimezimwa. Mtu alizizima.”

“Nani?”

“Wasimamizi wenu ni wengi. Yeyote kati yao anaweza.”

Mzee Ogutu alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja tangu walipoanza. Mikono yake ilikuwa juu ya fimbo.

“Ni mimi,” alisema.

Akeyo aligeuka. “Baba?”

“Ile Jumapili. Ilikuwa inalia. Nilifikiri nazima kwenye simu yangu. Iliniuliza kitu. Sikusoma. Niliona neno ndiyo, nikabonyeza.”

Nje, mtu alicheka kwa sauti, na kicheko kikaendelea kupita.

“Mzee,” Hasifa alisema polepole, “nikueleze ulichokifanya. Umeme wa nyumba una swichi za vyumba na una swichi kuu. Ukizima ya chumbani, unalala gizani peke yako. Ukizima swichi kuu, nyumba nzima iko gizani, hata anayepika, hata anayenyonyesha. Ulitaka kuzima ya chumbani. Lakini cheo chako kilikupa swichi kuu.”

“Sikuomba cheo hicho,” mzee alisema.

“Hukuomba, baba,” Odera alisema. “Nilikupa mimi.”

“Kwa nini ulinipa?”

“Kwa heshima.”

Mzee alimtazama mkwewe. “Heshima ingekuwa kuniambia kinafanya nini.”

Odera aliinamisha kichwa. Hasifa naye hakujitoa lawamani.

“Na mimi nina sehemu yangu,” alisema. “Nilikuuliza kazi ya kila mtu, ukanichekesha, nikaandika tu. Nilipaswa kukataa. Afadhali ungenikasirikia.”

“Sasa tufanye nini?” Akeyo aliuliza.

“Tuanze upya. Safari hii hatugawi vyeo kama vya kamati ya arusi. Kila mtu aniambie anafanya kazi gani humu. Cheo kitafuata kazi.”

Waliendelea hadi jioni. Akeyo ndiye aliyeagiza dawa na kusimamia maduka yote. Akawa msimamizi. Odera alitaka kusema yeye ndiye mwenye biashara, lakini Hasifa alimtangulia.

“Wewe pia, ssebo. Msimamizi asiwe mmoja, maana akiugua au akipoteza simu, biashara inakwama. Lakini wawili wanatosha hapa kwenu. Kila mwenye ufunguo zaidi ni nafasi zaidi ya kosa.”

“Mchungaji je?”

“Mchungaji aombe. Hahitaji nywila kwa hilo.”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutoa mzaha siku hiyo. Hakuna aliyecheka.

Shemeji Obura aliondolewa. “Mtu akiacha kazi, anatoka kwenye mfumo siku hiyo hiyo,” Hasifa alisema. “Si kwa sababu ni mwizi. Simu yake inaweza kuibwa, au mtu wake akaichezea. Biashara yenu itakuwa mkononi mwa msiyemjua.” Dada mkubwa naye aliondolewa. Odera alijua atapigiwa simu na kulaumiwa, akakubali.

“Akech,” Hasifa aliita, “wewe unafanya nini?”

“Naingiza mauzo. Naingiza dawa. Na nakaa na friji.”

“Basi wewe ni mwandishi. Na kengele ya friji ya Luzira italia kwako kwanza. Aliye karibu na moto ndiye anayepaswa kusikia kwanza. Usipoishughulikia, itakwenda kwa Akeyo. Akeyo asiposhika, kwa Odera.”

“Na mtu akiizima tena?” Akech aliuliza.

“Nimeweka hivi. Msimamizi mmoja akitaka kuizima, wa pili lazima akubali. Na ikizimwa, wote mnapata ujumbe kwamba imezimwa. Kimya kisiwe kimya tena.” Hasifa alimgeukia Odera. “Lakini hata hivyo usiiamini mashine bila kuijaribu. Kila wiki mtoe kile kipimajoto kwenye friji mkishike kiganjani mpaka kipate joto. Simu zilie. Zisipolia, mjue mpo gizani. Na Akech arudi kupima kwa macho kila asubuhi. Kurunzi inasaidia macho yake. Haiyang’oi.”

Akabaki mzee. Wote walijua amebaki mzee. Odera alikuwa mkwe, hakuweza kulisema.

“Mzee,” Hasifa alisema, “wewe unafanya kazi gani humu?”

Mzee Ogutu alifikiri.

“Naangalia kama biashara ya mtoto wangu inakwenda.”

“Basi...”

“Nalijua jina lake,” mzee alisema. “Liandike.”

Akaandikwa mtazamaji. Akainuka, akaingia nyumbani, nyuma ya duka, na jioni ile hakula.

*

Duka la Luzira lilifunguliwa tena baada ya wakaguzi kuridhika. Wateja walirudi wachache wachache, wakiuliza maswali waliyokuwa hawaulizi zamani. Akech alijibu yote.

Kisha siku moja asubuhi friji ya Mengo ilizidisha baridi, kama ile ya Luzira. Simu ya muuzaji wa Mengo ililia. Alizihamisha chupa zote kwenye sanduku la baridi kabla ya barafu kuanza. Fundi aliitwa, akaja, akabadilisha kifaa kinachoongoza baridi. Odera alipopata habari kwa fundi na kumpigia simu Akeyo kwa wasiwasi, Akeyo alikuwa ameshajua na ameshamaliza.

“Hakuna chupa iliyoganda, Baba Vera,” alisema. Vera alikuwa mtoto wao wa kwanza. “Hakuna hata moja.”

Odera alikaa chini. Alitaka kumwambia mtu. Akamkumbuka Ayot, ambaye angependa kumwambia zaidi ya wote, na hakuweza.

Habari za Mengo zilienea. Chama cha wenye maduka ya dawa kilimwalika Odera azungumze kwenye mkutano. Mwenyekiti alikuwa Maimunah, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha ukumbi. Mkutano ulikuwa Mengo, na chama cha watu wanaoishi na ugonjwa wa sukari kilialikwa pia, kwa sababu dawa ni zao.

Odera alishika kipaza sauti, na kipaza sauti kikamrudishia ulimi wake wa zamani.

“Ndugu zangu,” alisema, “mipangilio ya msimamizi ni kama chumvi. Kila mpishi akitia yake, chakula hakiliki.”

Watu walicheka. Akasimulia habari za baba mkwe na simu ya Jumapili. Ukumbi ulicheka zaidi. Akasimulia habari za mchungaji. Maimunah alifuta machozi kwa leso. Odera alieleza vyeo, akaeleza kengele, akaeleza kujaribu kila wiki. Yote yalikuwa kweli. Watu waliandika.

Mtu mmoja alinyoosha mkono. “Lakini kengele zilipozimwa, kuna mtu aliumia?”

Odera alitazama karatasi yake, ingawa hakuna kitu kilichoandikwa hapo.

“Kulikuwa na mama mmoja,” alisema. “Aliugua kidogo. Tulimwahi. Sasa ni mzima. Tuendelee na...”

“Kidogo?”

Sauti ilitoka safu za nyuma, upande wa watu wa chama cha sukari. Mwanamke alisimama. Alivaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe. Odera alimjua kabla hajanyanyua uso.

“Samahani, nyabo,” Maimunah alisema. “Jina lako ni nani?”

“Ayot. Mimi ndiye huyo mama.”

Kalamu zilisimama. Odera alishusha kipaza sauti, akakipandisha, akakishusha tena.

“Sikuja kukugombeza,” Ayot alimwambia. “Unafundisha vizuri. Watu wanakusikiliza, wanacheka, wataenda kubadilisha mipangilio yao. Lakini wakienda na ulichowaambia sasa, watafikiri ukikosea mtu anaugua kidogo.”

Alivuta kiti chake, akakaa.

“Anza tena, Bwana Odera,” alisema. “Safari hii usimruke mtoto.”